Jinsi ya kutazama mahubiri na filamu za makala kuhusu imani na ulimwengu wa leo: mwongozo kamili

Kitabu humngoja msomaji. Ukikutana na sentensi ngumu unasimama, unairudia, unainua macho na kufikiri, kisha unaendelea. Video haina subira hiyo. Inakwenda kwa mwendo wa aliyeitengeneza, na mahali ambapo ungefikiri huwa pamejazwa muziki. Ndiyo maana mtu anaweza kutazama mahubiri ya saa nzima, akaguswa hadi machozi, na siku ya tatu asikumbuke hata andiko lililosomwa. Au akatazama filamu ya makala kuhusu sayansi na dini, akabaki na hisia kwamba jambo fulani "limethibitishwa", bila kuweza kusema limethibitishwa na nani wala kwa ushahidi gani.

Hatua zilizo hapa chini zinalenga kuurudisha mwendo huo mikononi mwa mtazamaji. Zinafaa kwa mahubiri ya kanisani, khutuba na mawaidha ya msikitini, midahalo na filamu za makala, awe anayetazama ni muumini au mtu mwenye maswali tu.

Andika swali kabla ya kutafuta

Chukua daftari, andika swali moja kwa sentensi kamili. "Sayansi na dini" ni mada, si swali. Swali ni kama hili: "Je, kukubali kwamba ulimwengu ulianza kwa mlipuko mkuu kunapingana na kuamini kwamba Mungu aliumba?" Ukiwa na swali kama hilo utajua ndani ya dakika kumi kama video inakujibu au inazunguka. Bila swali, kinachochagua ni algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazopanga video za kukuonyesha, na algoriti hupima muda utakaokaa mbele ya skrini, haipimi ukweli.

Zima uchezaji wa kujiendesha (autoplay), yaani video inayofuata kuanza yenyewe. Usipouzima, mahubiri ya kutulia yatafuatwa na klipu ya unabii wa kutisha, kwa kuwa hofu hushikilia macho.

Halafu chagua video mbili, si kumi: moja ya mtu anayekubaliana na msimamo wako, moja ya mtu asiyekubaliana nao lakini anayeheshimika na walio upande wake. Epuka zile zenye kichwa cha habari cha mtu "kuangamizwa" katika mdahalo. Hizo ni vipande vilivyokatwa ili upande mmoja ushangilie, na jibu la mpinzani mara nyingi limeachwa nje. Tafuta mdahalo mzima, hata kama una saa mbili.

Kabla ya kubonyeza, tumia dakika tano kwa mambo manne. Nani ameitengeneza, na chaneli hii hupandisha nini kingine? Nani amegharamia? Kwenye filamu za makala, jibu huwa kwenye majina ya mwishoni, kwa hiyo ruka hadi dakika mbili za mwisho uyasome kwanza. Ilirekodiwa lini? Tarehe ya kupandishwa si tarehe ya kurekodiwa. Mahubiri ya mwaka 1998 yanaweza kupandishwa leo yakaonekana kama yanazungumzia vita vya wiki hii. Na je, hii ni video kamili au kipande? Kama ni kipande, itafute nzima. Usipoipata, kichukulie kama sentensi moja iliyong'olewa kwenye barua.

Bando, sauti na kifaa

Video ya ubora wa 480p hula takriban MB 500 hadi 700 kwa saa; 720p hufika GB 1 hadi 1.5, na 1080p GB 2 hadi 3. Mahubiri ni mtu aliyesimama anazungumza, hivyo 360p yanatosha kabisa. Ubora wa juu utunzie filamu za makala, ambako ramani, maandishi ya kale na tarehe za pembeni mwa skrini ni sehemu ya hoja. Kama mahubiri yanapatikana kwa sauti peke yake, saa moja kwa 64 kbps ni karibu MB 29, na kwa 128 kbps ni karibu MB 58. Tena, ukiondoa picha utashangaa ni mahubiri mangapi yanayosimama kwa hoja na mangapi yanayosimama kwa jasho la mhubiri.

Pakua kwa kutumia kitufe cha programu yenyewe au tovuti ya mwenye kazi. Programu za kupakua zisizojulikana mara nyingi hubeba virusi, na faili huja na ubora duni au imekatika mwishoni, mahali ambapo pengine hoja ilikuwa inafungwa.

Kuongeza kasi ya uchezaji kuna faida na hasara. Kwa 1.25, dakika 60 zinakuwa 48, kwa 1.5 zinakuwa 40. Mhadhara wa kawaida unavumilia 1.25. Sala, usomaji wa maandiko na kisomo cha Kurani viache katika mwendo wake. Kituo cha msomaji ni sehemu ya maana, na ukikibana umesikia kitu kingine.

Daftari lenye safu nne

Mara ya kwanza tazama bila kusimamisha, ukiandika tu dakika ambazo kitu kilikushtua, kilikufurahisha au kilikutia shaka. Mara ya pili, ambayo inaweza kuwa kesho yake, rudi kwenye dakika hizo na ujaze safu nne: dakika, maneno yaliyosemwa, aina, na matokeo ya ukaguzi. Kwa aina tumia herufi: A kwa andiko lililonukuliwa, T kwa taarifa inayoweza kukaguliwa, M kwa maoni au tafsiri, K kwa kisa cha kufundishia.

Ukurasa mmoja wa mahubiri ya dakika 45 unaweza kuonekana hivi:

04:10 – "Nayajua mawazo ninayowawazia, ya amani" (Yeremia 29:11) – A – soma sura nzima.
12:40 – "Kompyuta za NASA ziligundua siku iliyopotea" – K, lakini kimesemwa kama T – si kweli.
19:05 – "Simu zimeua sala za familia" – M – sikubali wala sikatai, niulize nyumbani.
31:30 – "Tundu la sindano lilikuwa lango dogo Yerusalemu" – T – hakuna ushahidi.

Andika maneno yenyewe, si muhtasari wako. Kosa la kawaida ni kuandika "alisema sayansi ni mbaya" wakati alichosema ni "sayansi haitoshi". Kati ya sentensi hizo mbili kuna umbali mkubwa, na mjadala mzima unaweza kuharibika hapo. Kwenye YouTube, ukitumia kompyuta, herufi J hukurudisha sekunde 10, K husimamisha na L hukusogeza sekunde 10. Maelezo ya chini ya video mara nyingi yana nukuu ya maandishi unayoweza kuinakili, ila maandishi yanayotolewa na mashine hukosea majina, namba za sura na maneno ya Kiarabu au Kiebrania. Hakikisha kwa sikio.

Kukagua mahubiri

Anza na A. Kanuni ni nyepesi: soma aya kumi kabla na kumi baada. Yeremia 29:11 husomwa kama ahadi kwamba mambo yako yatanyooka karibuni, lakini aya ya 10 inataja miaka 70. Ni barua kwa watu waliopelekwa uhamishoni Babeli, na wengi wao wangekufa kabla ya kuyaona hayo. Ahadi haipungui kwa kujua hivyo. Inakuwa nzito zaidi, na inamfaa aliye kwenye msiba mrefu kuliko aliye kwenye foleni ya kupandishwa cheo.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa filamu inayonukuu aya ya 5 ya Suratut Tawba peke yake ili kuonyesha kwamba Uislamu unaamuru kuua. Aya ya 6, inayofuata mara moja, inaagiza kwamba mshirikina akiomba ulinzi alindwe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Mtengenezaji aliyekata kati ya aya ya 5 na ya 6 amefanya uamuzi, na una haki ya kuuliza kwa nini.

Kwa hadithi za Mtume, kutajwa kwamba "Mtume amesema" hakutoshi. Sikiliza kama mzungumzaji anataja mpokezi, kitabu na daraja: sahihi, hasani (inayokubalika, ingawa chini ya sahihi) au dhaifu. Mawaidha mengi kuhusu elimu na teknolojia hutumia usemi wa kutafuta elimu hata China. Wanazuoni wengi wa hadithi wameuhukumu kuwa dhaifu mno au wa kubuniwa. Hoja kwamba Uislamu unahimiza elimu ina dalili nyingine zenye nguvu, na mwalimu makini hutumia hizo.

Visa ndivyo vinavyohitaji kalamu kali zaidi, kwa sababu ndivyo watu hubeba nyumbani. Hicho cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kinasema kompyuta zilikuwa zikikokotoa mahali jua na mwezi vilipokuwa katika karne zilizopita, zikakwama kwa kukosa siku moja, ndipo mtu akakumbuka Yoshua sura ya 10, ambapo jua lilisimama karibu siku nzima. Halikutokea jambo hilo. Madai ya siku iliyopotea yalikuwa yamekwisha kuchapishwa mwishoni mwa karne ya 19, ilhali NASA iliundwa mwaka 1958. Na hata kwa mantiki ya kazi yenyewe hayasimami: ukokotoaji wa mienendo ya sayari huanzia hali ya sasa na kurudi nyuma, kwa hiyo bila kumbukumbu huru ya mahali jua lilipokuwa kabla ya tukio, hakuna pa kuonea pengo. Muumini hapotezi kitu kwa kukiacha kisa hicho. Sura ya 10 ya Yoshua iko palepale.

Lango la sindano ni mfano mzuri zaidi, maana hapo andiko lenyewe linamkosoa mhubiri. Yesu alisema ni rahisi ngamia kupita tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu, na wahubiri huongeza kwamba tundu hilo lilikuwa lango ambalo ngamia alipita kwa kupiga magoti baada ya kutuliwa mzigo. Hakuna ushahidi wa lango la jina hilo katika Yerusalemu ya karne ya kwanza. Lakini hata usipojua historia, endelea kusoma Mathayo 19 kutoka aya ya 24 hadi ya 26: wanafunzi wanashangaa sana, na wanajibiwa kwamba kwa wanadamu jambo hilo haliwezekani. Ngamia anayepiga magoti na kupita angekuwa jambo linalowezekana kabisa. Ukaguzi wa aina hii hauhitaji intaneti wala shahada, unahitaji aya mbili zaidi.

Kukagua filamu za makala

Mhubiri unamwona akikushawishi. Filamu ya makala hujificha zaidi, kwa kuwa inaonekana kama dirisha. Irudie dakika mbili zenye nguvu zaidi ukiwa umezima sauti kabisa, kisha zisikilize tena umefumba macho. Mara ya kwanza utaona picha ambazo hazihusiani na kinachodaiwa: mawingu meusi, mishumaa, umati usiojulikana wa wapi. Mara ya pili utasikia sentensi zikiwa uchi. Mwongozaji wa filamu wa Kirusi Lev Kuleshov alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukiunganishwa na bakuli la supu, jeneza au mwanamke, watazamaji huusoma kuwa na njaa, huzuni au tamaa. Askofu, imamu au mwanasayansi aliyenyamaza tu kwenye kiti chake anaweza kufanywa aonekane ana hatia kwa picha iliyowekwa kabla yake.

Kisha angalia mikato ya mahojiano. Mtaalamu anapoendelea kusikika huku skrini ikionyesha mikono yake, dirisha au rafu ya vitabu, huenda sentensi imeunganishwa kutoka vipande viwili. Si kila mara ni hila. Wahariri huondoa kikohozi na kigugumizi kwa njia hiyo. Lakini kama neno zito la hoja liko hapohapo penye mkato, liwekee alama na utafute maandishi au mahojiano mengine ya mtaalamu huyo kuona kama husema hivyo kwa kinywa chake. Tazama pia cheo kilichoandikwa chini ya jina. "Daktari" wa nini? Mwanafizikia akizungumzia tafsiri ya Kiebrania, au mwanatheolojia akizungumzia vinasaba, ni mgeni kwenye shamba hilo kama wewe.

Tenganisha maigizo na kumbukumbu halisi. Filamu ya heshima huonyesha kwa maandishi au kwa rangi kwamba hapa tunaigiza. Nyingine huyachanganya, ukatoka ukiamini umeona jambo ambalo hakuna kamera ingeweza kulipiga.

Somo linalopotoshwa zaidi ni historia ya sayansi na kanisa. Galileo, mwanaastronomia aliyetetea kwamba dunia hulizunguka jua, alihukumiwa Roma mwaka 1633 na akawekwa kizuizini nyumbani hadi kifo chake mwaka 1642. Hakuchomwa moto, aliyechomwa, mwaka 1600, ni mwanafalsafa Giordano Bruno, na filamu za haraka huwachanganya. Kwa upande wa pili, filamu za utetezi hupunguza uzito wa hukumu ile kana kwamba lilikuwa jambo dogo, na hilo nalo si kweli: mzee alilazimishwa kukana alichoamini. Kipimo kizuri ni hiki: je, filamu inayomtaja Galileo inamtaja pia Georges Lemaître? Huyu alikuwa padri Mkatoliki wa Ubelgiji. Mwaka 1927 alionyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza ulianza kutoka kwenye kile alichokiita chembe ya mwanzo. Nadharia ya mlipuko mkuu, ambayo wahubiri wengine huishambulia kama silaha ya wasioamini, ina padri kwenye mizizi yake. Filamu inayozungumzia imani na asili ya ulimwengu bila kumtaja imeacha kiti muhimu kitupu.

Mfano mwingine ni sanda ya Turin, kitambaa ambacho wengine huamini Yesu alizikwa nacho. Mwaka 1988 maabara tatu, za Oxford, Zurich na Arizona, zilipima kipande chake kwa kaboni na kukiweka kati ya mwaka 1260 na 1390. Wapo waliopinga, wakidai kipande kilichokatwa hakiwakilishi kitambaa kizima. Filamu ya haki itakupa vyote viwili: kipimo na pingamizi, pamoja na majibu ya waliopima. Ukiona pingamizi zimepewa dakika thelathini na kipimo sekunde tano, au kipimo kimetajwa kana kwamba hakuna aliyewahi kuuliza swali, andika T na alama ya mshangao.

Sura na sauti za kubuniwa

Akili mnemba sasa inaweza kumfanya mhubiri maarufu aseme asichosema, na matapeli huitumia hasa kuomba pesa. Angalia mstari wa meno na ulimi, pete na vidole, na kama midomo inafunga sawasawa kwenye herufi p, b na m. Sikiliza pumzi: mtu anayehubiri kwa nguvu huvuta hewa kabla ya sentensi ndefu. Lakini mbinu hizi zinazeeka haraka, kwa hiyo tegemea zaidi chanzo. Je, video iko kwenye chaneli rasmi ya mhubiri huyo, na ibada hiyo ipo nzima? Namba ya kutuma sadaka ni ile inayotumika siku zote? Ahadi ya muujiza yenye muda wa mwisho, "tuma kabla ya saa sita usiku", ichukulie kama utapeli hata kama sura ni halisi.

Kutazama kwa kikundi

Watu 6 hadi 12 ndio wanaoweza kujadili. Zaidi ya hapo wawili watazungumza na wengine watasikiliza. Omba ruhusa ya mwenye filamu kabla ya kuionyesha hadharani, kwani usajili wa kutazama nyumbani kwa kawaida haugusi ukumbi. Pakua mapema, na siku hiyo ijaribu mahali penyewe: dakika tatu za mwanzo na kipande cha katikati.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Weka spika mbele, usawa wa masikio ya waliokaa, na utumie waya. Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti ikaachana na midomo, na watu huchoka bila kujua kwa nini. Chumba kikiwa na mwanga hafifu, projekta yenye mwangaza wa lumeni 2500 hadi 3000 inatosha kwa picha yenye upana wa mita 2. Aliye nyuma kabisa asikae zaidi ya mara sita ya kimo cha picha, yaani kama mita 6.75 hapo kwa picha ya uwiano wa 16:9, la sivyo manukuu hayatasomeka.

Simamisha kila baada ya dakika 20. Usiulize "mmeionaje?", maana jibu litakuwa "nzuri". Uliza: "Ni dai gani hapa ambalo, likiwa si kweli, hoja nzima inaanguka?" Wape dakika mbili za kuandika kimya kabla ya yeyote kusema, hasa kama kiongozi wa dini yupo chumbani, kwani akitangulia yeye wengine watafuata. Watoto wakiwepo, tazama filamu yote peke yako kwanza. Maonyesho ya siku za mwisho na ya mateso huwakaa usiku, na mtoto hasemi kwamba anaogopa. Anauliza tu kama milango imefungwa.

Kabla ya kusambaza, na ukikuta kosa

Usitume kipande ambacho hujakitazama kizima. Ukituma, taja dakika na sababu: "Tazama kuanzia 22:15, anaeleza vizuri tofauti ya shaka na kutoamini."

Kosa likiwa la mtu wa mbali, andika chini ya video kwa sentensi mbili, ukitaja dakika na chanzo, bila kejeli. Likiwa la kiongozi wako mwenyewe, usilipeleke kwenye kundi la mitandao. Mwandikie faraghani, kwa adabu, na uanze na kilichokujenga:

"Shikamoo Mchungaji. Nimesikiliza tena mahubiri ya Jumapili, sehemu ya subira imenisaidia sana. Kwenye dakika ya 12:40 ulitaja kisa cha kompyuta za NASA. Nimekikagua na nimeona madai hayo yalichapishwa kabla NASA haijaundwa, na halikuwahi kutokea. Nimeona nikujulishe ili asije mtu wa nje akakitumia kulipinga somo zima. Ukiwa na nafasi ningependa tulizungumze."

Kwa ustadhi, anza na "Assalaam alaykum" na ufuate mpangilio uleule. Mpe siku saba. Asipojibu, mwendee ana kwa ana baada ya ibada, ukiwa na daftari mkononi, ukurasa umefunguliwa kwenye dakika husika.